Lita ngapi za maji? Kupanga maji ya kimea kwa bia ya nyumbani, Arusha na Moshi

Anayeanza kutengeneza bia kwa nafaka tupu, bila sharubati ya kimea ya kopo, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Alilenga lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, akapata 16 nzito na tamu kupita kiasi, au 24 nyepesi zisizo na mwili. Hamira haina kosa, na kimea hakina kosa. Ni maji ambayo hayakuhesabiwa.

Mama anayetengeneza mbege Kibosho au Machame hupima kwa jicho na mkono, na hakosei, kwa sababu anatumia vyombo vilevile, moto uleule na ulezi wa aina ileile kila mara. Ameshavijua vyombo vyake vinakunywa kiasi gani. Nawe unatakiwa kuvijua vyako, ila utaanza na jagi na mzani mpaka jicho lizoee.

Tukubaliane maneno. Kuloweka ni kuchanganya kimea kilichovunjwa na maji ya moto, kama 67°C kwa saa moja, ili wanga ugeuke sukari. Kusuuza ni kuongeza maji ya pili kwenye kimea kilekile ili kutoa sukari iliyong'ang'ania. Maji matamu yanayotoka ni woti, na kinachobaki ni machicha.

Hesabu inaanzia mwisho

Usianze kwa kuuliza "niweke maji kiasi gani?" Anza na lita unazotaka ziingie kwenye ndoo ya kuchachushia, kisha urudi nyuma ukiongeza kila kinachopotea njiani. Vinavyopoteza maji ni vinne: mashapo yanayobaki chini ya sufuria baada ya kuchemsha, mvuke wakati wa kuchemsha, kimea kinachofyonza, na maji yanayolala chini ya koki ya chombo cha kulowekea bila kutoka. Vitatu kati ya hivyo havibadiliki sana ukitumia vyombo vilevile. Kimoja tu, yaani kimea, hubadilika kulingana na kilo ulizoweka.

Ndiyo maana namba za maji zilizoandikwa kwenye resipe ya mtu mwingine hazikufai. Chukua kilo za kimea na gramu za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), lakini maji yapange mwenyewe. Tena resipe nyingi za kigeni zimeandikwa kwa galoni, na galoni ziko mbili: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. "Galoni 5" kwa mmoja ni lita 18.9 na kwa mwingine ni 22.7. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuharibu bia kabla hujawasha jiko. Ukiona maji ya kuloweka yameandikwa kwa kwati kwa kila ratili, zidisha kwa 2.09 upate lita kwa kilo: 1.25 inakuwa 2.6.

Pima vyombo vyako siku ya maji matupu

Tenga mchana mmoja usiotengeneza bia. Unahitaji mzani wa jikoni, jagi, rula ndefu ya chuma cha pua, na sufuria utakayochemshia.

Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mzani ni kipimo cha kuaminika kuliko mistari iliyochapwa kwenye ndoo za plastiki. Pima lita 2 kwa mzani, mimina kwenye sufuria, simamisha rula katikati, andika sentimita. Endelea hivyo mpaka ijae. Sufuria nyingi zina kitako cha mviringo, hivyo lita za kwanza hazipandi kwa kimo sawa na zinazofuata. Usipime mara moja ukagawanya. Namba za ukubwa zilizogongwa kwenye sufuria za alumini nazo usizitegemee kama lita. Ubandike ukutani ule mchoro wa sentimita na lita, utautumia kila mara. Watu wengi huchonga alama kwenye mwiko wa mbao. Unafaa, mradi usiukate wala kuubadilisha, lakini alama za kalamu hufutika kwenye mvuke.

Sasa mvuke. Weka lita 25 za maji, chemsha kwa saa moja kamili bila mfuniko, kwa moto utakaoutumia siku ya bia na mahali utakapopikia. Acha yapoe, kisha upime. Kama zimebaki lita 21.5, sufuria yako inapoteza lita 3.5 kwa saa. Sufuria pana hupoteza zaidi kuliko nyembamba, na jiko la nje lenye upepo haliwi sawa na la ndani. Hapa gesi inaushinda mkaa kwa mbali: mkaa huwaka sana mwanzoni, hufifia, unaongeza, unapanda tena, na mvuke haulingani siku mbili mfululizo. Kama huna budi kutumia mkaa, panga kupima woti katikati ya kuchemsha, dakika ya 30, ili urekebishe mapema.

Cha mwisho ni koki. Mimina lita 5 kwenye chombo cha kulowekea, fungua koki, acha itiririke mpaka ikatike, kisha pima kilichotoka. Zikitoka 4, lita moja inalala chini. Kuinamisha chombo kwa kipande cha ubao hupunguza upotevu huu, lakini ukiinamisha leo, inamisha kila mara.

Jambo linalowapotosha watu wa Arusha: kipimajoto

Hapa tusimame kidogo, maana kosa hili huja kabla ya maji kuingia kwenye kimea. Vitabu husema jaribu kipimajoto kwenye maji yanayochemka, kisome 100°C. Kwa Dar es Salaam ni sawa. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye kama 95°C. Moshi mjini, iliyo chini zaidi, huchemka kwenye kama 97°C. Ukipanda kuelekea mlimani inashuka tena.

Mtu asiyejua hili huona 95, akadhani kipimajoto kimepungukiwa nyuzi tano, akaanza kujumlisha 5 kwenye kila usomaji. Akisoma 62 anaamini ni 67, na kimea chake kinalowekwa kwenye 62 halisi. Bia inatoka kavu na nyembamba, naye analaumu maji. Jaribu kipimajoto kwenye barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji kidogo: 0°C ni ileile Arusha, Moshi na pwani. Kisha thibitisha juu kwa joto la kuchemka la mahali ulipo.

Kuchemka kwa 95 hakuharibu woti. Uchungu wa hopsi hutoka pungufu, basi. Usiongeze moto ukitafuta 100. Hutaipata, utapoteza maji na gesi tu.

Mfano mzima, kutoka mwisho hadi mwanzo

Tunataka lita 20 kwenye ndoo, kwa kilo 5 za kimea cha shayiri. Mashapo chini ya sufuria: lita 1.5. Mvuke: 3.5. Koki: 1. Kimea: chukulia kila kilo inafyonza lita 1, yaani 5. Hicho ni kiasi cha kuanzia. Yako kwa kawaida itakuwa kati ya 0.8 na 1.1.

Baada ya kuchemsha na kupoza tunahitaji 20 + 1.5 = 21.5. Kabla ya kuchemsha, 21.5 + 3.5 = 25. Jumla ya maji yote ya siku, 25 + 5 + 1 = lita 31.

Zote hizi ni lita za maji baridi. Maji yakipashwa hutanuka: lita 25 za baridi zitasomeka kama 25.5 kwenye rula zikiwa 70°C, na karibu 26 zikichemka. Wengi husoma 26 kwenye sufuria inayochemka, wakadhani wamezidisha lita nzima, wakaongeza muda wa kuchemsha bila sababu.

Lita 31 unazigawaje kati ya kuloweka na kusuuza? Kwa anayesuuza kwa kumimina maji yote mara moja, akikoroga, akisubiri, akafungua koki, sukari hutoka vizuri zaidi pale mikondo miwili ya woti inapolingana. Tunataka 25, kwa hiyo 12.5 na 12.5. Mkondo wa kwanza unapoteza lita 5 za kimea na 1 ya koki, hivyo maji ya kuloweka ni 12.5 + 5 + 1 = lita 18.5. Mkondo wa pili hauna cha kupoteza, kwa sababu kimea kimeshiba na chini ya koki kumeshajaa. Maji ya kusuuza ni 12.5 kamili.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokosewa zaidi kuliko zote. Mtu huhesabu ufyonzaji mara mbili, anaongeza lita 5 kwenye kusuuza pia, na sufuria inafurika.

Sasa, chombo kinatosha? Kilo moja ya kimea hula nafasi ya kama lita 0.67 ndani ya maji. Kilo 5 ni 3.35; ukiongeza 18.5 unapata karibu lita 22. Ndoo ya lita 20 haitoshi. Chukua boksi la barafu au ndoo ya lita 30, au punguza maji ya kuloweka hadi 16 (kama lita 3 kwa kilo, pamoja na ile ya koki) na usuuze kwa 15. Jumla inabaki 31. Hutapata sukari yote uliyoitarajia, lakini tofauti ni ndogo. Kushuka chini ya lita 2.5 kwa kilo sishauri kwa anayeanza: unga unashikamana mabonge, kijiko hakizunguki, na joto linakuwa 70 upande mmoja na 62 upande mwingine.

Ukitaka bia nzito ya kilo 7, badilisha ufyonzaji peke yake. Jumla inakuwa 33, kuloweka 20.5, kusuuza 12.5. Vingine vyote viko palepale.

Joto la maji ya kuloweka

Kimea baridi kitashusha joto la maji. Kanuni ni hii: gawanya 0.41 kwa lita za maji kwa kila kilo, zidisha kwa tofauti kati ya joto unalolenga na joto la kimea, kisha ongeza joto unalolenga. Kwa mfano wetu maji ni lita 3.7 kwa kilo, kimea 20°C, lengo 67: 0.41 ÷ 3.7 × 47 + 67 = 72.2°C.

Pima joto la kimea chenyewe, usikisie. Julai asubuhi Arusha kimea kilicholala stoo kinaweza kuwa 17, na maji yatatakiwa 72.5. Februari mchana Moshi kinaweza kuwa 28, na maji yatatosha 71.3. Chombo nacho hunyonya joto: mimina maji ya moto ndani, yaache dakika kumi, uyamwage, ndipo uanze. Vinginevyo anza nyuzi moja au mbili juu.

Maji ya kusuuza yawe 80 hadi 82°C. Yakikutana na kimea kilicholowa, yatatulia karibu 75. Kimea kisivuke 77.

Maji yenyewe: Meru si Kilimanjaro

Maji ya chemchemi za Kilimanjaro yanayofika Moshi kwa kawaida ni mepesi na rafiki kwa bia. Upande wa Mlima Meru hali ni tofauti. Maji mengi ya visima na mito pale yamebeba floraidi nyingi na yana ualikali (kinyume cha asidi), matokeo ya miamba ya volkano. Wenyeji wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanaijua habari hiyo kwa meno yao.

Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Kinyume chake: ukichemsha lita 25 hadi 21.5, kila kilichoyeyuka kinaongezeka ukali kwa kama asilimia 16. Maji usiyoyanywa usiyatengenezee bia. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka kwenye kituo cha Ngurdoto.

Ualikali nao unagusa hesabu ya lita moja kwa moja. Kimea kina asidi kidogo inayoshusha ualikali wa maji. Maji yakiwa mengi kwa kimea kichache, asidi hiyo inazidiwa. Maji ya alikali yakisuuza kimea kilichokwisha kutoa sukari hung'oa ukakasi wa maganda, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Kwa hiyo mwenye maji ya namna hiyo asisuuze kwa lita nyingi. Apeleke maji mengi kwenye kuloweka, na woti ikianza kutoka bila utamu afunge koki hata kama lita hazijatimia, kisha aongeze maji safi moja kwa moja kwenye sufuria.

Klorini ya bomba huondoka ukiacha maji wazi kwenye ndoo usiku kucha, au ukiyachemsha dakika 15. Ukichemsha, pima lita baada ya kuchemsha. Na siku za mgao jaza lita 50 au zaidi jana yake: 31 ni za bia, zilizobaki ni za kupozea na kuoshea.

Kusaga, ulezi na uji

Mashine ya unga ya mtaani isitumike kwa shayiri. Inaleta unga laini, maganda yanasagika, na koki inaziba kama umemimina saruji. Kimea kinatakiwa kipasuke vipande viwili hadi vinne, ganda libaki zima, maana ganda ndilo chujio lako. Mashine ya mkono iliyolegezwa inafaa. Ukisaga laini zaidi, ufyonzaji unapanda na mkondo unapungua.

Ulezi uliooteshwa, unaopatikana kwa urahisi soko la Mbuyuni Moshi au la Kilombero Arusha, unatoa ladha nzuri sana, lakini hauna ganda la kuchujia. Usizidishe moja ya tano ya kimea chote kama unategemea koki. Wanga wa ulezi na mtama hulainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, kwa hiyo wengine huupika uji kwanza. Basi kumbuka: maji ya uji ni sehemu ya maji ya kuloweka. Kilo moja ya ulezi iliyopikwa kwa lita 4 imeshakula lita 4 kati ya 18.5. Baki na 14.5. Na kwa kuwa uji unaingia ukiwa wa moto, maji mengine yasiwe ya 72. Ongeza kidogo kidogo ukiangalia kipimajoto.

Wanaotumia mfuko wa neti ndani ya sufuria moja, bila kusuuza, hesabu yao ni fupi zaidi. Mfuko ukikamuliwa, kilo inabaki na lita 0.6 hivi, na hakuna koki ya kuhesabia. Jumla ni 25 + 3 = lita 28, yote mara moja, kwa joto la 70.4°C. Sufuria iwe ya lita 40, kwa kuwa na kimea inafika 31 na nusu. Njia hii inaipendelea Moshi kuliko maeneo yenye maji ya alikali, kwa sababu maji ni mengi kwa kimea kuanzia mwanzo.

Siku yenyewe, pima mara tatu

Mara ya kwanza ni baada ya mkondo wa kwanza. Ulitarajia 12.5. Ukipata 11.5, kimea kimefyonza 1.2 kwa kilo. Ongeza lita moja kwenye kusuuza na uandike daftarini 1.2 kwa safari ijayo. Hivi ndivyo namba ya kukisia inavyogeuka namba yako.

Mara ya pili ni kabla ya kuchemsha: lita na haidromita (kipimo cha sukari ya woti; maji matupu husoma 1.000) pamoja. Poza kikombe cha woti hadi 20°C kwanza, haidromita husoma pungufu kwenye moto. Kilo 5 za kimea kizuri, ukitoa asilimia 70 ya sukari yake, zinatoa kama 1.042 kwenye lita 25, na baada ya kuchemsha 1.049 kwenye lita 21.5.

Lita zikiwa 27 na usomaji 1.039, sukari yote ipo, maji ndiyo mengi. Chemsha zaidi kabla ya kutia hopsi. Kwa mvuke wa 3.5 kwa saa, kila lita inahitaji dakika 17. Lita zikiwa 25 sawasawa na usomaji ni 1.034, kosa haliko kwenye maji. Angalia usagaji, joto, na kama ulikoroga vya kutosha wakati wa kusuuza.

Mara ya tatu ni baada ya kupoza. Ukibaki na lita 19 za 1.055, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha 55 kwa 19, gawa kwa 49 unayolenga: unapata 21.3. Ongeza lita 2.3 za maji yaliyochemshwa yakapozwa, ukoroge vizuri ndipo utie hamira. Maji mabichi usiongeze hatua hii, hakuna moto tena wa kuua vijidudu.

Machicha yatoke siku hiyohiyo kwenda kwa mfugaji wa ng'ombe au nguruwe. Yakilala siku mbili kwenye joto la Moshi yanachacha na kunuka. Kabla hayajatoka, yaminye kiganjani. Yakitiririsha maji, koki yako ilifungwa mapema na kuna nusu lita au zaidi ya woti uliyoiacha humo.